Ardhi Isiyo na Hati: Maradhi na Tiba Makina Tangu 1904

Makina ni miongoni mwa vijiji vya kwanza vya Kibera. Tangu mwaka 1904 askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, waliokuja kujulikana kama Wanubi, walikaa na jamaa zao katika msitu wa kusini-magharibi mwa Nairobi, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza eka 4,197 za eneo hilo kuwa ardhi ya jeshi. Askari aliyestaafu alipewa kibali cha kujenga na kulima, wala si hati ya kumiliki. Historia ya afya ya Makina haieleweki bila kibali hicho. Serikali haikutaka watu wakae pale daima, kwa hiyo haikuona sababu ya kulaza mabomba wala kujenga mitaro ya maji taka, na sehemu kubwa ya maradhi yaliyowaandama wakazi kwa zaidi ya miaka mia moja ilipitia mwanya huo.

Mji wa Nairobi wenyewe ulianzia kando ya kinamasi reli ilipofika mwaka 1899, na haikupita miaka mitatu kabla ya tauni kuzuka katika mtaa wa biashara wa Wahindi. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Mgonjwa hushikwa na homa ya ghafla, baridi na maumivu ya kichwa, kisha mitoki huvimba kinenani au kwapani na kuuma vikali. Siku hizi antibiotiki kama streptomycin na doxycycline humponya mgonjwa aliyewahi hospitali. Mwaka 1902 dawa hizo hazikuwapo, na maafisa waliuchoma mtaa mzima. Milipuko iliyofuata ilimleta Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya ya umma, ambaye katika ripoti yake ya 1913 alipendekeza mji ugawanywe kwa misingi ya rangi. Hapo ndipo ugonjwa wa panya na takataka ulipogeuzwa kuwa hoja ya kuwatenga watu, na hoja hiyo iliiongoza Nairobi kwa miongo mingi.

Mwaka 1933 Tume ya Carter, tume ya kikoloni ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliamua kwamba Wanubi walikuwa wapangaji kwa ridhaa ya Serikali ya Kifalme, watu wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Baada ya hapo, kila ombi la maji au choo cha umma lilikutana na jibu lilelile: kwa nini kuhudumia makazi yanayokusudiwa kuvunjwa? Nyumba za kudumu zilikatazwa. Watu wakaendelea kujenga kwa miti, udongo na mabati, wakiwa na ua na mashamba madogo. Baada ya uhuru wahamiaji kutoka Nyanza, Magharibi na Ukambani walipoongezeka, mashamba yalijaa safu za vyumba vya kukodisha. Chumba cha futi 10 kwa 10, dirisha moja dogo au bila dirisha, jiko la makaa au stovu ya mafuta taa ndani, familia nzima ikilala humo: hayo ndiyo mazingira yanayoneemesha kifua kikuu.

Bakteria wa kifua kikuu husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, na huhitaji hewa iliyotuama na watu waliokaribiana kwa muda mrefu. Dalili zake hujificha mwanzoni. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku na kukonda bila sababu huonekana kama uchovu wa kazi, mpaka makohozi yanapotoka na damu. Wagonjwa wa Kibera walipelekwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza iliyokuwa jirani, ambayo leo ni Hospitali ya Mbagathi. Tiba ya kawaida Afrika Mashariki ilichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wengi waliiacha walipopata nafuu kidogo, ugonjwa ukarudi ukiwa sugu zaidi.

Mabadiliko makubwa yalitokana na wagonjwa wa ukanda huu wenyewe, na ni haki yao kukumbukwa. Kuanzia mwaka 1970 watafiti wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza waliwafuatilia wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaonyesha kwamba mseto wenye rifampicin unaweza kuponya kwa miezi sita. Tiba ya miezi sita iliyoenea duniani kote baadaye, ikianza na rifampicin, isoniazid, pyrazinamide na ethambutol kwa miezi miwili, ina mizizi yake katika majaribio hayo. Nchini Kenya dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya umma. Dirisha la chumba halitolewi.

Maji yalileta maradhi ya aina nyingine. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwenye ukingo wa Kibera, lilikuwa mahali pa kuendesha mashua. Baadaye lilijaa tope na magugumaji, kwa kuwa uchafu wa makazi ya juu ulishukia humo. Makina kwenyewe, mipira ya plastiki ya wauza maji ilipita, na mingi bado inapita, ndani ya mitaro ileile inayobeba maji ya vyoo vya shimo. Maji yanapofungwa kwa mgao, presha hushuka ndani ya mpira, na penye ufa uchafu wa nje hunyonywa ndani. Siku maji yanaporudi, mtungi wa kwanza wa lita 20 ndio wenye hatari kubwa.

Hapo ndipo taifodi, yaani homa ya matumbo, ilipopata makao. Bakteria wake, Salmonella Typhi, hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa au cha mtu aliyepona lakini bado anawabeba, na kuingia kinywani kwa maji au chakula. Homa hupanda hatua kwa hatua siku baada ya siku, kichwa huuma, tumbo huuma, choo hufunga au huharisha, na mwili huisha nguvu. Asipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka. Kati ya 2007 na 2009 uchunguzi uliofanywa katika vijiji jirani vya Gatwekera na Soweto ulipata wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali Lwak, mashambani karibu na Ziwa Victoria, walikuwa 29. Walioathirika zaidi walikuwa watoto.

Takwimu hizo zilitokana na kuotesha bakteria kutoka kwenye damu katika maabara, kipimo cha uhakika lakini cha gharama. Kwenye kliniki ndogo na kemisti za mtaani kipimo kilichozoeleka ni Widal, ambacho hutafuta kingamwili na mara nyingi husema ndiyo kwa mtu ambaye homa yake ina chanzo kingine. Watu wengi wamemezeshwa antibiotiki kwa taifodi wasiyokuwa nayo. Dawa za zamani, chloramphenicol, ampicillin na co-trimoxazole, zilianza kushindwa na bakteria wa Nairobi tangu miaka ya 1990, na madaktari wakahamia ciprofloxacin, kisha azithromycin na ceftriaxone. Mwezi Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Hati peke yake haitoshi. Kawangware, upande wa Dagoretti, sehemu kubwa ya ardhi ina wenyewe wanaotambuliwa kisheria, na bado wapangaji wengi huchota maji kwa mtungi na kugawana choo kimoja ploti nzima. Tofauti ni kwamba Kawangware kuna mwenye ploti wa kuulizwa. Makina aliyepaswa kuulizwa alikuwa serikali, na serikali ilisema haiwajui wakazi.

Malaria ina hadithi fupi zaidi. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na ingawa vinamasi na mashimo ya mawe yalizalisha mbu na milipuko katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, leo mkazi wa Kibera mwenye malaria kwa kawaida ameitoa safarini Nyanza au Magharibi. Homa, kutetemeka na kuumwa viungo vyataka kupimwa damu kabla ya kumeza dawa ya malaria, artemether-lumefantrine, maana nyingi kati ya homa za Nairobi hazitokani na mbu.

Ukimwi ulithibitishwa Kenya mwaka 1984, na mwaka 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Virusi vya HIV hudhoofisha kinga polepole kwa miaka, na kwa wengi dalili ya kwanza ilikuwa kifua kikuu kilekile cha chumbani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya kazi Kibera kuanzia 1997, likatoa dawa za kurefusha maisha ndani ya mtaa wakati wengi walidhani maskini hawataweza kuzifuata kila siku. Waliweza. Mwaka 2017 shirika likakabidhi kituo chake kwa Kaunti ya Nairobi.

Mwaka huohuo, mwezi Juni, Rais Uhuru Kenyatta aliwapa Wanubi hati ya eka 288, sehemu ndogo tu ya zile 4,197. Kufikia wakati huo maradhi ya Makina yalikuwa yakibadilika. Utafiti wa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano Kibera ana shinikizo la damu, na wengi hawakuwa wakijua. Presha kwa kawaida haina dalili mpaka moyo, figo au ubongo uanze kuathirika, huku kisukari kikijitokeza kwa kiu, kukojoa mara kwa mara, kukonda na vidonda visivyopona. Chumvi, mafuta ya kukaangia, sukari nyingi kwenye chai, unene, pombe, sigara na urithi wa ukoo vyote vinachangia. Tiba ni vidonge vya kila siku, kama amlodipine kwa presha na metformin kwa sukari, pamoja na mabadiliko ya chakula, kwa maisha yote. Kwa mzee wa Makina anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili, gharama ya vidonge hivyo hurudi kila mwezi, na kituo cha umma kinapoishiwa dawa ndipo familia huamua nani asubiri.