Neno la leo: kuotesha

Mkulima wa tumbaku wa Urambo akisikia "otesha" huwaza kitalu na miche. Watu wa maabara nao wanalo neno hili: makohozi ya mgonjwa huoteshwa kutafuta bakteria wa kifua kikuu. Kitalu chao ni kichupa chenye mchanganyiko wa mayai uliogandishwa, rangi ya kijani. Bakteria hawa wana mwendo wa kobe. Majibu huweza kungojwa hadi wiki 8. Wakiota, bado huchunguzwa kama ni wenyewe au jamaa zao tu. Nalipenda neno hili kuliko "kukuza": kinachokuzwa kimekwisha kuwapo, kinachooteshwa huenda kisiote. Basi ndugu msomaji wa Tabora, sampuli yako ikipelekwa kuoteshwa, usiache dawa ulizoandikiwa ukingoja majibu.