Chusa, Mshale na Samaki: Historia Fupi ya Zana za Kufumia, na Mafunzo kwa Anayeanza

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya kusomea tunavyovitumia darasani, uvuvi ni nyavu na ndoana. Mwanafunzi huonyeshwa mtumbwi, wavu na samaki watatu, na somo likaishia hapo. Hatuna ugomvi na wavu, kwani ndio uwalishao watu wetu. Lakini iko namna nyingine ya kuvua, nayo ni kumfuma samaki mmoja mmoja kwa mkuki, kwa chusa au kwa mshale. Na namna hiyo ni miongoni mwa zile kongwe kabisa zijulikanazo duniani.

Siku hizi kuvua samaki kwa upinde ni mchezo wenye wapenzi wengi huko Marekani. Vijana wetu huuona katika picha, wakatujia na maswali: Mtu huanzaje? Achague upinde gani? Madhumuni ya makala haya ni kuyajibu maswali hayo kwa njia ya historia. Tutaonyesha kwamba katika kumfuma samaki, upinde si kitu cha kwanza cha kufikiriwa. Cha kwanza ni meno ya chembe, na kamba iliyofungwa nyuma yake. Nusu ya kwanza ya jambo hilo, yaani meno, ilijulikana zamani sana na wavuvi walioishi karibu nasi, kando ya Ziwa Edward.

Mifupa ya Semliki

Ziwa Edward liko mpakani mwa Kongo na Uganda. Upande wa Uganda wenyeji waliliita Rwitanzige. Stanley akalipa jina la mwana wa Malkia Victoria. Na toka mwaka 1973 mpaka utawala wa Idi Amin ulipoanguka, likaitwa kwa jina la mtawala huyo. Majina yalipita, maji yakabaki. Mto Semliki hutoka upande wa kaskazini wa ziwa hilo, ukaelekea Ziwa Albert. Pale unapoanzia mto, ndani ya Hifadhi ya Virunga, pana mahali paitwapo Ishango.

Mwaka 1950 mtaalamu wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua ardhi ya Ishango. Alikuta mifupa ya samaki, mawe yaliyochongwa, na vichwa vya vyusa vilivyotengenezwa kwa mfupa. Alikuta pia kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimita 10 hivi, kilichotiwa mikato mingi iliyopangwa kwa mafungu. Kipande hicho ndicho kilichopata sifa. Kimehifadhiwa katika makumbusho ya mjini Brussels, na wataalamu wa hesabu wamebishana sana juu ya maana ya mikato yake. Hapo mwanzo ilidhaniwa kwamba umri wake haufiki miaka 10,000. Uchunguzi wa baadaye umeufikisha miaka 20,000 hivi.

Twajivunia mfupa huo wa hesabu, na ni haki yetu. Lakini sifa zake zimekifunika chusa kilicholala katika udongo ule ule. Na chusa hakina fumbo kubwa: kila akitazamaye huelewa mara moja kazi yake. De Heinzelin aliona kwamba vyusa vya matabaka ya chini vina meno pande mbili, na vile vya matabaka ya juu vina meno upande mmoja tu. Maana yake ni kwamba watu wale hawakurithi zana na kuiacha ilivyo. Waliigeuza.

Kilomita chache kaskazini ya Ishango, kwenye kingo za Semliki, pana mahali pengine paitwapo Katanda. Hapo, katika miaka ya 1980, Wamarekani Alison Brooks na John Yellen pamoja na wenzao walifukua vichwa vya mfupa vyenye meno, wakatangaza habari zake mwaka 1995. Umri waliovipa ni miaka 90,000 hivi. Wapo wataalamu walioutilia shaka umri huo, kwa sababu vitu vya namna hiyo mahali pengi ni vya siku za baadaye sana. Hata hivyo vipimo vilivyofanywa kwa njia mbalimbali vilielekea upande mmoja. Pamoja na vichwa hivyo palikuwa na mifupa ya kambare wakubwa. Karibu wote walikuwa wazima wa kimo kimoja, na kutokana na hilo wachunguzi walikata shauri kwamba walivuliwa katika majira ya kutaga mayai, kambare wanapoingia katika maji mafupi ya kingoni. Basi mvuvi wa Katanda alikuwa na zana, na juu ya zana alikuwa na kalenda.

Kutoka chusa hadi mshale

Hapa yatupasa kuyatenganisha maneno, maana wanafunzi wengi huita kila kitu mkuki. Mkuki una kichwa kilichokazwa katika mpini. Chusa ni kichwa chenye meno, nacho huunganishwa na kamba. Kikisha kumwingia samaki, mpini huweza kuchomoka na kuelea, bali kichwa hubaki mwilini na kamba hubaki mkononi mwa mvuvi. Vichwa vya Katanda pengine vilikazwa mpinini kama vya mikuki, kwani tako la baadhi yao limetiwa mifuo ya kuzungushia ugwe. Lakini meno yake yaelekea nyuma, na kazi ya jino lielekealo nyuma ni moja tu: kuzuia.

Hilo ndilo linalomtenga mvuvi na mwindaji. Mwindaji wa nchi kavu humchoma mnyama, akafuata damu mpaka amkute. Majini hakuna nyayo wala damu ya kufuata. Samaki aliyejeruhiwa akaponyoka ni hasara kwa mvuvi na mateso kwa samaki. Kwa hiyo zana ya mvuvi haina budi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuingia na kushika.

Ujuzi huo ulienea mbali. Karibu na Khartoum, katika miaka ya 1944 na 1945, A. J. Arkell alifukua makao ya wavuvi wa kale yenye vichwa vya mfupa vya namna hiyo. Vingine vimepatikana kando ya Ziwa Turkana huko Kenya, ambako Waelmolo waliendelea kutumia chusa kwa samaki, mamba na viboko mpaka karne ya 20. Mwaka 1974 mwanahistoria J. E. G. Sutton aliandika kwamba miaka 10,000 hadi 8,000 hivi iliyopita, Sahara ilipokuwa na mvua nyingi, kulikuwa na maisha ya majini yaliyofanana toka huko mpaka Bonde la Ufa.

Ama upinde, nao ni mkongwe Afrika. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, vimepatikana vyembe ambavyo wachunguzi wanaviona kuwa ni vya mishale ya miaka zaidi ya 60,000 iliyopita. Lakini habari nyingi za upinde wa kuvulia zatoka ng'ambo: katika misitu ya mto Amazoni, na katika kisiwa cha Guinea Mpya. Watu wa Amazoni hutumia mishale mirefu ya matete, mingine yapata kimo cha mtu, ili wano lielee na kumwonyesha mpigaji samaki alipo. Mishale ya Guinea Mpya kwa kawaida haina manyoya. Mwaka 1969 Mmarekani aitwaye Holless Wilbur Allen alipata hataza ya upinde wenye magurudumu madogo nchani, ambao humpunguzia mpigaji uzito anapokuwa ameuvuta mpaka mwisho. Upinde huo, pamoja na ule wa kawaida, ndio utumiwao katika mchezo wa leo.

Basi tukiuchungua mshale wa kisasa wa kuvulia twaona nini? Twaona chembe chenye meno, wano, na kamba. Ni chusa kilichorushwa kwa upinde badala ya mkono.

Zana za anayeanza

Tukishajua hayo, uchaguzi wa zana huwa mwepesi, nasi twashauri ufanywe kwa kurudi nyuma: kutoka kwa samaki mpaka kwenye upinde.

Kwanza ni chembe. Kichaguliwe kwa kadiri ya samaki anayetafutwa. Mwenye magamba magumu ahitaji ncha kali na imara. Mwenye nyama laini ahitaji meno mapana zaidi, asije akachanika na kuponyoka. Vyembe vizuri vya siku hizi vina meno yanayoweza kugeuzwa mbele baada ya kuvua, ili mshale utoke bila kumwangamiza samaki.

Pili ni wano. Wano la kuvulia ni zito, aghalabu la nyuzi za kioo, kwa kuwa maji hukivunja kasi kitu chepesi. Halitiwi manyoya. Manyoya ni usukani wa hewani. Yakiingia majini huupotosha mshale, na masafa yenyewe ni mita chache tu.

Tatu ni kamba. Iwe nyembamba ya kusokotwa, yenye nguvu kupita uzito wa samaki. Anayeanza atosheke na kigurudumu kikubwa kilichofungwa mbele ya upinde, ambacho kamba huzungushwa kwa mkono. Ni rahisi, wala hakiharibiki upesi. Hapa pana hatari ambayo hatuna ruhusa ya kuinyamazia. Kamba ikifungwa kwenye mkia wa mshale, huweza kunasa katika upote, yaani ugwe wa upinde. Mshale ukafika mwisho wa kamba iliyonasa na kumrudia mpigaji usoni. Kwa hiyo kamba hufungwa kwenye kijipete kinachoteleza juu ya wano, nacho hukaa mbele ya upinde mpaka mshale unapoachiwa.

Mwisho ndipo huja upinde wenyewe. Wenye uzito wa kuvuta kilo 14 hadi 23 watosha kabisa. Anayenunua upinde wa nguvu nyingi kwa ajili ya fahari ataona mishale yake imezama katika matope na samaki wamekwenda zao. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Kulenga

Anayeanza atakosa, tena atakosa kwa juu. Sababu yaweza kuonyeshwa darasani kwa bilauri ya maji na kijiti: kijiti huonekana kimevunjika pale maji yanapoanzia, kwa kuwa nuru hupinda inapotoka majini. Ndiyo sababu samaki huonekana yuko juu zaidi ya mahali alipo. Ukimtazama toka juu moja kwa moja, kina chake huonekana kama robo tatu tu ya kina cha kweli. Na kadiri unavyomtazama kwa upande ndivyo kosa linavyozidi. Dawa yake ni kulenga chini ya samaki, na kuzidi kushuka kadiri alivyo mbali au kina kirefu. Miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji humsaidia mpigaji kuona, lakini hainyooshi nuru. Mvuvi wa Katanda hakuwa na miwani wala somo la nuru, lakini alikula kambare.

Jambo moja zaidi. Samaki aliyenaswa katika wavu aweza kurudishwa majini akiwa hai, aliyefumwa hawezi. Kwa hiyo mpigaji amtambue samaki kabla ya kuachia mshale, na kabla ya hapo aulize ofisi ya uvuvi kama njia hiyo yaruhusiwa katika maji hayo, maana sheria hutofautiana. Wala si kila la kale ni la kuigwa. Kuwavua kambare katika majira ya kutaga kulikuwa werevu wakati watu walipokuwa wachache. Leo, palipo na wavuvi maelfu, ni kula mbegu.

Hitimisho

Katika darasa moja la watoto wa kando ya ziwa, tuliwahi kuwauliza wanafunzi sehemu za mshale. Hakuna aliyelijua wano, wala upote. Chembe walikijua kuwa ni cha mchanga tu. Tulipowauliza sehemu za bunduki, walizitaja zote, mmoja akimrekebisha mwenzake. Hatukuwalaumu, kila mtoto hujifunza maneno ya vitu avionavyo. Lakini siku hiyo tulifundisha kipindi kizima kwa kuchora mshale ubaoni.

Hatutarajii kwamba vijana wote watakuwa wavuvi wa upinde. Twataka wajue kwamba kabla ya mfupa wa hesabu kuwekwa katika kabati la kioo Ulaya, palikuwa na mtu aliyeketi kando ya Semliki akichonga meno ya chusa, akijua kwa nini yaelekee nyuma. Na twataka wawe na maneno ya kumsimulia.

Tunawaomba walimu wenzetu wa kando ya Kivu, Tanganyika na Albert wawaulize wazee wa huko majina ya zana hizi, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kisha watuletee orodha zao. Wazee waliowahi kushika chusa hawakubaki wengi.