Kawa na mwaka wa shamba kwetu Butembo na Beni

Tukiulizwa juu ya desturi za kwetu, wengi hutaja mahari, ndoa na ngoma. Sisi tunaona kawa nayo ihesabiwe humo, ijapokuwa kilimo chake kililetwa, sababu imepanga mwaka wa jamaa nyingi: wakati wa kulipa masomo ya watoto, wa kupeleka mbuzi wa mahari, wa kumaliza deni.

Kwanza tutenganishe aina mbili. Huku Butembo na milimani mwa Lubero kuko arabika, asili yake Ethiopia. Kule chini Beni kuko robusta, na hiyo ni mtoto wa pori la Kongo kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 bustani moja ya kuuza miche mjini Brussels iliipeleka mpaka Java, ndipo dunia ikaijua. Kiisha Wabeleji wakaunda INEAC mwaka 1933, na kituo chake cha Yangambi kikachagua mbegu bora za kupandwa nchini. Kitu chetu kikazunguka bahari, kikarudi kwetu kwa amri!

Agronomu alikuja na karatasi ya miezi. Wazee walisoma mti wenyewe. Kawa haipukutishi majani yote kama mizabibu ya Ulaya, lakini nayo ina usingizi wake. Wakati wa jua, vichipukizi vya maua vinatokea penye vikonyo vya majani, vinabaki vidogo, havisogei. Mvua ya kwanza ikinyesha ya kutosha, baada ya siku 8 au 10 hivi shamba lote linageuka jeupe na kunukia. Siku 2 au 3 tu, maua yamenyauka. Tangu hapo arabika inaomba karibu miezi 8 mpaka tunda liwe jekundu, robusta miezi 10 au 11. Na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, mvua inarudi mara mbili kwa mwaka, basi kuko mavuno mawili, moja kubwa na lingine dogo. Mara nyingi tawi moja lina ua, tunda bichi na tunda jekundu pamoja. Ndiyo maana mama anachuma kwa mkono, moja moja, na kurudia mti ule ule. Anayekwangua tawi zima anachanganya mbichi na mbivu, na bei inashuka.

Kujua hesabu hiyo kulikuwa nguvu, lakini wanunuzi nao waliijua. Penye njaa au ugonjwa, mkulima aliuza kawa ingali ua. Mnunuzi alitazama maua, akatoa pesa kidogo, na miezi 8 baadaye akaja na magunia. Wahaya wa Bukoba, Tanzania, wanaita biashara hiyo butura. Kumbe si shida yetu peke yetu. Kwa maoni yetu, ile bei ya ua ilikula jamaa zetu kuliko wadudu.

Miaka mizuri ilikuwako. Baridi kali iliyoua kawa ya Brezili Julai 1975 ilipandisha bei mpaka 1977. Halafu mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kawa yakavunjika, bei ikaanguka. Ikafuata trakeomikozi, ugonjwa wa kuvu unaoziba njia za maji ndani ya mti, ukakausha robusta ya Beni. Wengi waling'oa, wakapanda kakao.

Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yametenga watu na mashamba yao. Mti hauna habari ya vita: mvua ikinyesha, unachanua. Mzee aliyekimbilia Butembo anahesabu tangu ile mvua, anakwambia mwezi gani kawa yake itaiva. Nani ataichuma, hilo hajui.