Mbunge wetu alipiga kura gani? Kivu na wabunge wa kwanza wa Kongo, 1960–1963

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 1960, saa nane na dakika tano, Joseph Kasongo aliyekuwa anaongoza Baraza la Wabunge alifunga majadiliano kule Leopoldville. Wabunge wakaanza kupiga kura juu ya serikali ya Patrice Lumumba. Viti vya baraza vilikuwa 137, lakini ukumbini walikuwamo watu 80 tu. Kura za ndiyo zilikuwa 74, za hapana 5, na mmoja hakuchagua upande. Wengine 57 hawakuwapo, na karibu wote walikosa kwa kutaka wenyewe.

Siku sita baadaye nchi ilipata uhuru. Hadithi inayosimuliwa kila tarehe 30 Juni huwa na watu wanne au watano: Lumumba, Kasavubu, Mobutu, Tshombe, na mfalme Baudouin na hotuba yake. Wale 137 husahaulika. Lakini ndio waliochaguliwa na raia moja kwa moja, na wote walikuwa wageni katika kazi hiyo, maana Kongo haikuwa imepata kuwa na Bunge. Kabla ya hapo Mkongomani alikuwa amepiga kura za mabaraza ya chini tu, kuanzia zile za komini mwaka 1957 na 1958 katika miji michache, Bukavu ikiwamo. Kura walizopiga wabunge hao zimeandikwa, na mtu akizifuata moja baada ya nyingine anaona jambo ambalo hotuba hazisemi.

Kwanza, nani aliwatuma. Uchaguzi wa Mei 1960 ulikuwa wa wanaume peke yao. Mwanamke wa Kongo alingoja hadi 1967 ndipo apate haki ya kupiga kura. Mbunge mmoja alihesabiwa kwa kila watu 100,000, na uwanja wa uchaguzi ulikuwa distrikti nzima. Kwa Kivu, ambayo wakati ule ilikuwa jimbo moja pamoja na Maniema, maana yake mvuvi wa Fizi, mlimaji wa Kalehe na mtu wa Shabunda walipiga kura kwa orodha zilezile za Kivu ya Kusini. Ni vigumu kusema mbunge kama huyo alikuwa wa nani hasa. Kutoka Shabunda hadi Uvira tu ni safari ya kuchosha, sembuse kutoka Uvira hadi Leopoldville, upande wa pili wa nchi.

Chama kilichotamba Kivu kiliitwa CEREA, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1958. Hakikupata nguvu kwa maneno makubwa ya Leopoldville. Kilipata nguvu vijijini, ambako watu walichoka na kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na ambako ardhi nzuri ya milimani ilikuwa imepewa walowezi wa kahawa, chai na kwinini. Tangu 1928 kulikuwa na Comité National du Kivu, shirika lililopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya mkoa huu. Kwa mtu wa kawaida, uhuru ulikuwa swali la shamba: lile la babu litarudi au halirudi?

CEREA ikapeleka wabunge 10. MNC ya Lumumba ilikuwa na 33 bila kuhesabu marafiki zake, PNP 15, PSA ya Gizenga 13, ABAKO 12, Conakat ya Tshombe 8. Hakuna aliyeweza kutawala peke yake. Serikali ilihitaji zaidi ya nusu ya baraza zima, yaani kura 69. Lumumba alipata 74. Ukiondoa kura sita tu, serikali ya kwanza ya Kongo isingesimama. Hapo ndipo uzito wa chama cha watu kumi unapoonekana, na ndiyo maana watu wawili wa Kivu, Anicet Kashamura na Marcel Bisukiro, waliingia serikalini, mmoja wizara ya habari, mwingine biashara ya nje. Shamba la Kalehe na matuta ya Kabare yalikuwa yamesaidia kumweka waziri mkuu.

Kura iliyofuata haina sifa. Katika siku za kwanza za Julai wabunge walijipandishia malipo yao hadi franka 500,000 kwa mwaka. Mwanzo yalipangwa kuwa 100,000. Lumumba alikuwa mmoja wa wachache waliopinga, akaona ni upumbavu utakaoiangusha hazina ya nchi. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens, Mbelji aliyeongoza jeshi la Force Publique, aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Usiku huo maasi yakaanza. Si haki kusema malipo ya wabunge ndiyo yaliyoleta maasi; askari walikuwa na hasira yao ya miaka mingi, walitaka vyeo na mshahara. Lakini askari alikuwa na masikio. Alisikia kwamba depite aliyekuwa karani mwaka jana amejipa mara tano, na yeye ameandikiwa ubaoni kwamba kwake hakibadiliki kitu. Watu wa Kongo wanaosema leo kwamba mbunge akifika Kinshasa jambo la kwanza ni mfuko wake, hawakuanza kusema hivyo juzi.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 8 Agosti ikafuata Kasai ya Kusini, chini ya Albert Kalonji.

Ndipo ikaja Septemba. Jioni ya tarehe 5, Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Lumumba. Lumumba naye akaenda kwenye redio ileile akatangaza kwamba amemwondoa Kasavubu. Sheria ya msingi, iliyotungwa Brussels mwezi wa Mei, ilisema katika kifungu cha 22 kwamba mkuu wa nchi humteua na kumwondoa waziri mkuu. Vifungu vingine vya sheria hiyohiyo viliifanya serikali iwajibike mbele ya Bunge. Kwa Wabelji, waliozoea mfalme asiyetumia mamlaka yaliyoandikwa, pengine maneno hayo hayakugongana. Kwa Kongo yaligongana kwa kishindo.

Tarehe 7 Septemba wabunge walikutana. Lumumba akajitetea kwa muda mrefu. Mwishoni wabunge hawakumchagua yeye, wala hawakumchagua Kasavubu. Walifuta amri zote mbili: ile ya rais kumwondoa waziri mkuu, na ile ya waziri mkuu kumwondoa rais. Kura 60 dhidi ya 19. Kesho yake Seneti nayo ikamkatalia Kasavubu kwa wingi mkubwa.

Kura hiyo inastahili kukaliwa zaidi kuliko zote. Mara nyingi wabunge wa 1960 wanaelezwa kama watu waliogombana kwa makabila hadi jeshi likalazimika kuingia. Lakini siku ambayo wakubwa wawili waligombana, wale wageni wa siasa ndio waliowaambia wakae chini. Walikuwa na miezi mitatu tu kazini, na hawakuwa na mwalimu. Walifanya kile ambacho wazee wa kijiji wangefanya wana wawili wakifukuzana nyumbani: hakuna anayefukuzwa, rudini mzungumze. Hesabu haikuwa safi, hilo lazima lisemwe. Waliopiga kura walikuwa 79, kwa hiyo viti 58 havikutoa sauti. Ni karibu idadi ileile ya waliokosa mwezi wa Juni. Kongo ya mwanzo iliumizwa na waliokosa kikao sawa na ilivyoumizwa na waliopinga.

Kasavubu alisema maamuzi hayo hayamfungi. Akamtangaza Joseph Ileo kuwa waziri mkuu, naye hakupata kura ya mabaraza. Tarehe 13 mabaraza mawili yalikutana pamoja na kumpa Lumumba mamlaka ya pekee, katika kikao ambacho wapinzani walisema hakikutimiza idadi. Tarehe 14 Kasavubu akaahirisha Bunge, na jioni hiyo Kanali Mobutu akatangaza kwamba wanasiasa wote wamewekwa kando hadi mwisho wa mwaka. Tangu sherehe za uhuru zilikuwa zimepita siku 76.

Nini kiliwapata waliokuwa na kadi ya ubunge mfukoni na kinga ya sheria? Lumumba alikamatwa mwanzoni mwa Desemba akielekea Stanleyville, mji uliomchagua. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo, naye mbunge, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Hayo yanajulikana. Yasiyosimuliwa sana ni ya Alphonse Songolo. Alikuwa mbunge wa MNC ya Lumumba na waziri wa mawasiliano katika serikali yake. Alipoachana na Lumumba alirudi Stanleyville Oktoba 1960, akakamatwa, na Februari 1961 akauawa huko pamoja na wanasiasa wengine, kisasi kikifuata kisasi. Upande wa Leopoldville nao, mwezi huohuo, wafuasi wa Lumumba walipelekwa Bakwanga wakauawa. Kati yao alikuwa Jean-Pierre Finant, aliyekuwa rais wa jimbo la Orientale. Anayemkumbuka mmoja na kumsahau mwingine anahesabu nusu.

Kashamura alirudi Kivu kwa njia nyingine. Mwisho wa Desemba 1960 askari wa Stanleyville waliuchukua mji wa Bukavu na kumkamata Jean Miruho, rais wa jimbo. Tarehe 1 Januari askari wa Mobutu walijaribu kuurudisha wakipitia Ruanda-Urundi, iliyokuwa bado mikononi mwa Ubelji, wakashindwa. Kashamura akashika jimbo. Hakudumu. Wiki zile zilikuwa za vurugu, na mji ulioipa CEREA kura uliona kwamba chama cha upinzani na serikali ni vitu viwili tofauti.

Bunge lilifunguliwa tena Julai 1961 kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, wabunge wakiwa wamefungiwa humo ndani hadi wakubaliane. Kasongo akapata tena uongozi wa baraza. Tarehe 2 Agosti wakampa Cyrille Adoula serikali, karibu kwa kauli moja. Watu waliokuwa wakiwindana miezi sita kabla walipiga kura pamoja.

Kisha ikaja kura ambayo matokeo yake yanaonekana kwenye ramani ya Kivu. Mwaka 1962 Bunge lilikubali kuyakata majimbo sita kuwa vijimbo zaidi ya ishirini. Kila mwanasiasa alitaka kijimbo chake, na vyeo vya kugawana viliongezeka mara tatu. Kivu ikawa Kivu-Central, Nord-Kivu na Maniema. Kwenye karatasi mstari ulipita vizuri. Kule chini, Goma na Rutshuru zikawa za kugombaniwa, na swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, ambalo utawala wa Wabelji uliliacha bila jibu baada ya kuwahamishia Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, likawa swali la nani atapata ofisi. Kufikia miaka ya 1963 hadi 1965 watu walikuwa wanauana Masisi katika vita vilivyoitwa vya Kanyarwanda. Wazee wa huko hawahitaji kitabu ili kukumbuka jina hilo.

Hapa hukumu haiwezi kuwa laini kama ile ya Septemba 1960. Mwaka ule wabunge walijaribu kuunganisha vilivyovunjika. Mwaka 1962 walivunja kilichokuwa kizima, wakijua ni nani atakaa kwenye viti vipya.

Tarehe 29 Septemba 1963 Kasavubu alilifunga Bunge la kwanza kabisa, kwa sababu hawakuwa wamemaliza katiba. Katiba ya Luluabourg ya 1964 iliandikwa bila wao.

Na shamba? Wabunge kumi wa CEREA walitumwa kwa ajili ya ardhi. Sheria iliyorudisha haki za ardhi mikononi mwa Serikali ilikuja tarehe 7 Juni 1966, Mobutu akiwa tayari ameshika nchi, ikabeba jina la mbunge wa sehemu nyingine, Bakajika. Iliitoa ardhi kwa makampuni ya kikoloni, ikaiweka kwa Serikali. Mtu wa Kalehe aliyekuwa akimngojea depite wake arudishe shamba la babu aliambiwa sasa aombe hati Kinshasa.