Farasi Aliyewashinda Watu wa Mfalme

Natumaini kila mmoja amekwisha pata mahali pa kukaa, na kitabu kiko wazi mbele yake. Somo letu la leo ni la historia. Nataka kuwasimulieni habari za farasi mmoja na kijana aliyemzoeza. Wote wawili walikufa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na watu hawajaacha kuandika habari zao.

Najua kwamba wengi wenu hamkukua penye farasi. Katika nchi zetu farasi ni wachache, maana mbung'o na maradhi mengine huwaua upesi, na kazi ambazo kwingineko zilifanywa na farasi, huku zilifanywa na punda, na ng'ombe, na mabega ya watu. Lakini mtu aliyepata kumzoeza maksai kukokota jembe ataielewa habari hii upesi. Wako maksai ambao kila mtu amekwisha wakataa. Mmoja amemchapa, mwingine amemfunga, wa tatu amesema ni wa kuchinjwa tu. Wewe ukamchukua, ukakaa naye miezi, na asubuhi moja akavuta jembe toka mwanzo wa shamba mpaka mwisho. Siku ile mwenye ng'ombe huenda nyumbani kwa njia ya mbali, apate kuonekana na watu. Furaha ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo.

Kijana wetu ni Alexander. Wengine mmepata kumsikia kwa jina la Iskandar, maana ndivyo Waarabu wamwitavyo. Alizaliwa mwaka 356 kabla ya Kristo. Baba yake, Philip, alikuwa mfalme wa Makedonia, nchi iliyo upande wa kaskazini wa Ugiriki. Habari ya farasi tumeipata hasa kwa mwandishi mmoja Mgiriki aitwaye Plutarch. Yeye aliandika yapata miaka 400 baada ya mambo yenyewe kutokea, kwa hiyo hakuyaona kwa macho yake. Alisoma vitabu vya waliomtangulia, na vingi katika vitabu hivyo vimepotea. Likumbukeni jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Plutarch asema kwamba mtu mmoja wa Thessaly, jina lake Philonicus, alimletea Mfalme Philip farasi wa kuuza. Thessaly ilikuwa mashuhuri kwa farasi wake. Farasi mwenyewe aliitwa Bucephalus, maana yake Kichwa cha Ng'ombe, na wengine husema aliitwa hivyo kwa sababu ya chapa ya kichwa cha ng'ombe aliyotiwa mwilini. Bei yake ilikuwa talanta 13.

Hapa chukueni kalamu, tufanye hesabu kidogo. Talanta moja ilikuwa fedha yenye uzito wa kilo 26 hivi, nayo ilikuwa sawa na drakma 6,000. Talanta 13 basi ni drakma 78,000. Siku zile, fundi wa mji wa Athens alipata drakma moja kwa siku, au mbili na kitu. Farasi mzuri kabisa alinunuliwa mjini humo kwa drakma 1,200. Gawanyeni wenyewe, mtaona kwamba kwa bei ya Bucephalus mtu angepata farasi wazuri 65. Mimi naona waliosimulia walitia chumvi katika hesabu hii. Lakini hata tukiipunguza, ilikuwa mali nyingi, wala si ajabu kwamba mfalme alitaka kumwona farasi akijaribiwa kwanza.

Wakashuka uwandani. Mtu wa kwanza akamkaribia, farasi akasimama kwa miguu ya nyuma. Wa pili akaja, mambo yakawa yale yale. Hakutaka mtu apande, wala hakutaka hata kusikia sauti ya mtu. Philip akakasirika, akaamuru mnyama huyo mkali aondolewe mbele yake.

Alexander alikuwa amesimama pale akitazama. Wanahistoria hukadiria kwamba alikuwa na umri wa miaka 12 au 13. Akasema kwa sauti kwamba wanapoteza farasi wa namna ile kwa sababu hawajui kumtunza na hawana moyo. Baba yake akanyamaza kwanza. Kijana aliporudia maneno yale, Philip akamwuliza kama anawalaumu wakubwa wake kwa kuwa yeye ajua zaidi. Alexander akajibu kwamba kwa farasi huyu, naam, yeye angeweza zaidi. Na akishindwa atatoa nini? Akasema atalipa bei ya farasi. Watu wakacheka. Hebu fikirini, mtoto wa miaka 12 aahidi drakma 78,000! Lakini baba na mwana wakaafikiana mbele ya watu wote.

Sasa sikilizeni vizuri alivyofanya. Alikwenda mbio kwa farasi, akashika hatamu, akamgeuza uso wake uelekee jua. Alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona: kivuli cha farasi kilikuwa kinaanguka mbele yake, na kila alipojitikisa kivuli nacho kilitikisika, na hicho ndicho kilichokuwa kikimtisha. Akatembea kando yake, akimpapasa. Akalivua joho lake na kuliacha lianguke polepole. Halafu akaruka mgongoni. Siku zile Wagiriki hawakuwa na vikuku vya kutilia miguu, kwa hiyo mtu aliruka tu, kisha akajishikilia kwa mapaja yake. Mwanzoni alimzuia kwa hatamu bila kumpiga wala kumchana mdomo kwa lijamu. Alipoona hofu imemtoka na mnyama anataka kukimbia, akamwachia, akamtia moyo kwa sauti kubwa na kumgusa kwa visigino.

Philip na watu wake walikaa kimya, wamejaa wasiwasi. Kijana akafika mbali, akageuka, akarudi akiwa amejaa fahari, na watu wote wakapiga kelele za furaha. Yasemekana mfalme alitoa machozi, akambusu mwanawe kichwani, akamwambia atafute ufalme unaomfaa, maana Makedonia ni ndogo mno kwake.

Maneno hayo ya mwisho ni matamu, na huenda yalitungwa baadaye, Alexander alipokwisha kuteka nchi nyingi. Habari ya kivuli, lakini, mimi naiamini, maana yapatana na tabia ya farasi. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Hana pembe wala makucha, na salama yake ni kukimbia kwanza, kisha kuuliza. Macho yake yako kando ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, na kitu kidogo kinachotikisika pembeni humshtua kabla hajajua ni nini. Watu wale wazima walitazama meno na kwato, wakaona ukali. Alexander alitazama mahali ambapo farasi mwenyewe alikuwa akitazama.

Tena elimu hii ilikuwa imekwisha andikwa. Xenophon, mtu wa Athens aliyepata kuwa askari na mpanda farasi, alitunga kitabu kizima juu ya kufundisha farasi, na Alexander alipokuwa mtoto kitabu hicho kilikuwapo. Xenophon asema mtu asimwendee farasi kamwe akiwa na hasira, maana hasira humfanya mtu atende jambo la kujutia. Farasi akiogopa kitu, usimpige. Ukimpiga atadhani kwamba ni kile kitu kilichomwumiza, naye atakiogopa mara mbili. Umpeleke karibu polepole, ukiguse wewe kwanza mbele yake. Na mtoto wa farasi azoezwe nyumbani hata ajue kwamba chakula na maji na kupumzika huletwa na watu.

Liko jambo jingine katika kitabu hicho litakalowapendeza ninyi mnaojifunza kuandika. Xenophon ashauri kwamba mtu akimpeleka mtoto wa farasi kwa mwalimu, afanye kama anayempeleka mwanawe kujifunza ufundi: waandikiane kabisa mambo ambayo farasi atakuwa ameyajua siku ya kurudishwa. Hata miaka ile watu walijua kwamba mapatano ya mdomo husahauliwa.

Sasa nauliza, je, Bucephalus alifundishwa alasiri moja? Hasha. Hapo ndipo hadithi nzuri hutudanganya kidogo. Siku ile uwandani farasi alikubali kubeba mtu mmoja, na kijana mmoja akaaminiwa. Farasi wa vita anahitaji kujua mengi zaidi. Azoee kelele za watu na mshindo wa ngao, aweze kusimama kati ya farasi wenzake bila kupigana nao, na kugeuka mara moja kwa mguso wa goti wakati mpandaji ameshika mkuki. Kazi hiyo ni ya miezi na miaka, na Plutarch haitaji hata kwa mstari mmoja. Waandishi hupenda siku yenye makofi.

Tena kuna mtu mwingine aliyesahauliwa. Katika kitabu kingine, Plutarch huyo huyo asema kwamba Bucephalus alipokuwa hana kitu mgongoni alimruhusu saisi, yaani mtunza farasi, kumpanda, lakini alipovikwa matandiko ya kifalme hakumkubali mtu yeyote ila Alexander. Watu walilisimulia jambo hili kuonyesha akili ya farasi. Mimi nikilisoma namfikiria saisi. Ni nani aliyekuwa akimpa majani alfajiri, na kumsugua, na kutazama kwato zake, na kumtembeza mfalme akiwa barazani? Alexander alikuwa na haki ya kuona fahari, maana yeye ndiye aliyejua sababu ya hofu na kuthubutu kupanda. Walakini sehemu ya fahari ile ilikuwa ya saisi, na jina lake hakuna aliyeliandika.

Alexander akawa mfalme mwaka 336, akaenda kupigana na Waajemi, na Bucephalus akaenda naye, toka Ugiriki mpaka mipaka ya Uhindi. Mwaka 331 palikuwa na vita kubwa mahali paitwapo Gaugamela, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Wakati wa kupanga majeshi Alexander alikuwa juu ya farasi mwingine, maana Bucephalus alikuwa amekwisha zeeka naye hakutaka kumchosha bure. Ulipofika wakati wa kushambulia, akaletewa Bucephalus. Katika habari zote za farasi huyu, hiyo ndiyo inayonipendeza kupita zote. Hapana kelele ndani yake, ila mtu anayejua nguvu ya mnyama wake imebaki kiasi gani.

Habari nyingine hainipendezi. Safarini farasi aliibwa. Alexander akatangaza kwamba asiporudishwa atawaua watu wa nchi ile wote. Wakamrudisha mara moja, na Plutarch asema kwamba mfalme aliwatendea wema, hata akawapa fedha. Hata hivyo tisho lilikuwa limekwisha tamkwa, na wenye nchi walijua kwamba mtu yule alikuwa na uwezo wa kulitimiza. Katika lugha yetu tuna neno fahari na tuna neno kiburi. Yaandikeni yote mawili ubaoni, mkaulizane darasani ni wapi moja linakwisha na jingine linaanza.

Bucephalus alikufa mwaka 326 kabla ya Kristo, baada ya vita na Mfalme Porus kwenye mto Hydaspes, ambao leo huitwa Jhelum, nao uko Pakistan. Waandishi hawapatani juu ya kifo chake. Wengi, asema Plutarch, walisimulia kwamba alikufa kwa majeraha alipokuwa akitibiwa. Mwandishi mwingine, Arrian, asema hakupigwa na mtu, bali alikufa kwa uzee na uchovu, akiwa na miaka 30 hivi.

Hebu tuipime miaka hiyo 30. Kama ni kweli, Bucephalus alizaliwa mwaka 356, mwaka ule ule aliozaliwa Alexander. Basi siku ile uwandani farasi naye alikuwa na miaka 12 au 13. Huyo si mtoto wa farasi asiyejua mtu. Ni farasi mzima, na farasi wa bei kubwa hakai miaka 12 bila kufundishwa. Huenda watu walimzeesha kwa makusudi, wapate kusema kwamba yeye na bwana wake walizaliwa pamoja. Au huenda alikuwa amekwisha fundishwa vizuri na watu wa Thessaly, halafu akaharibiwa na mikono mibaya, akajifunza kuogopa. Mimi naelekea hili la pili, maana farasi aliyeharibiwa ni mgumu kurudishwa kuliko yule ambaye hajaguswa. Mwalimu wenu akiona vingine, mbishaneni.

Alexander alijenga miji mingi, na mingi aliipa jina lake mwenyewe, Alexandria. Pale ukingoni mwa mto Hydaspes alijenga mji akauita Bucephala, kwa jina la farasi wake. Kisha jeshi likaendelea mbele kuelekea mashariki, na mfalme akapanda farasi mwingine.

Kwaherini, wasikilizaji. Tutaonana tena kwa sauti juma lijalo.