Mtakwimu bima na mlango wa kidato cha tano

Neno mhasibu halihitaji mkalimani Ulyankulu. Katika jimbo hili la mkoa wa Tabora, ambako shilingi nyingi hutokana na tumbaku, mkulima anamjua mhasibu kwa kazi yake: ndiye anayeonyesha deni la mbolea lilivyokatwa kabla malipo hayajamfikia mwenye shamba. Jirani yake, mtakwimu bima, hana bahati hiyo. Kijana akilisikia jina hilo hushika bima na kuiachia takwimu ipite, kisha hudhani anaambiwa habari za mhasibu aliyeajiriwa na kampuni ya bima. Kwa dhana hiyo huchagua tahasusi ya ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, ambamo hisabati husomwa kama somo la nyongeza tu. Shahada ya utakwimu bima aliyoiota, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mfano, iko chini ya Idara ya Hisabati, nayo huidai hisabati kama somo kamili. Mlango umefungwa kidato cha tano, naye hata hajaubisha.

Tofauti ya kazi hizi mbili ni ya kale kuliko vyuo, na njia ya misafara iliyopita Tabora yaionyesha vizuri. Tajiri wa Unguja kama Taria Topan alipomkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, bidhaa za kuendea bara, karani aliandika kilichotoka na, miaka ikipita, pembe zilizorudi. Huo ni uhasibu. Lakini kabla ya kukopesha, tajiri alipaswa kujiuliza hongo ya watemi njiani itakula kiasi gani, wapagazi wangapi watatoroka, na vita vikizuka itakuwaje. Mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, na hasara kama hiyo haikuwa katika daftari la mtu yeyote hadi ilipotokea. Kuipa bei leo hatari ya kesho ndiyo kazi ya mtakwimu bima. Tajiri aliifanya kwa uzoefu na kubahatisha. Mtakwimu bima huifanya kwa hisabati ya uwezekano, majedwali ya vifo na thamani ya fedha inayobadilika kadiri miaka inavyokwenda.

Watanzania waliigusa taaluma hii bila kuitaja jina mwaka 2018, mifuko ya pensheni ilipounganishwa na neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, likaingia kila nyumba yenye mtumishi wa umma. Watu walibishana kuhusu asilimia 25 ya mafao inayolipwa kwa mkupuo mtu anapostaafu, baadaye 33 mwaka 2022. Ndani ya kanuni ile kulikuwa na namba nyingine iliyozua manung'uniko: 12.5, miaka ambayo mstaafu alikadiriwa kuishi akilipwa pensheni. Mhasibu wa mfuko anaweza kueleza ni kiasi gani kililipwa mwezi uliopita. Namba kama 12.5, na swali kama michango ya leo itatosha kuwalipa wastaafu wa miaka 30 ijayo, humhusu mtu mwingine. Lugha yetu ilikipa jina chombo, ikamwacha fundi wake gizani.

Wapo wanaosema tukope neno la Kiingereza, tuliandike akchuari na kumaliza ubishi. Sioni faida yake. Neno hilo asili yake ni Kilatini, nalo lilimaanisha karani; lilipata maana ya sasa baada ya kampuni ya bima ya Equitable ya London, iliyoanzishwa 1762, kumpa ofisa wake mkuu cheo hicho. Kwa hiyo Waingereza nao wanaitumia lebo isiyoeleza kazi. Wengine wangependa mkadiriaji, na ni neno zuri, ila kwenye bima kukadiria kumekwisha kushikwa na wale wanaofika moto ukishazimwa kupima hasara. Mkadiria majanga nalo linakwama kwa mstaafu: kuishi hadi miaka 90 si janga, ingawa mfuko wa pensheni hutikisika. Basi mtakwimu bima libaki, mradi lisomwe kwa kukazia mwanzo wake. Takwimu ndiyo taaluma. Bima ni mojawapo ya mahali inapofanyiwa kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la mzazi: ajira za uhasibu ziko kila halmashauri na kila chama cha ushirika, na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hufanyika hapa nchini, ilhali mtakwimu bima hufuata mitihani ya vyama vya Uingereza au Marekani, kwa ada ya fedha za kigeni na kwa miaka mingi. Hayo ni kweli, na anayeupenda uhasibu asione haya kuufuata. Lakini njia hizi hazilingani. Aliyesoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) au PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) akafaulu hisabati anaweza kugeukia uhasibu akiwa chuoni. Aliyetoka ECA hana njia rahisi ya kurudi upande wa pili. Walimu wa Ulyankulu, kabla mwanafunzi wa kidato cha nne hajajaza tahasusi, mwelezeni hilo.