Chepkube: Bandari Isiyo na Bahari

Kwenye riwaya na gemu za kifantasia kuna jamaa mmoja hakosekani. Ana masikio marefu, kofia imemfunika uso, ameketi kwenye kona ya baa karibu na bandari. Ukitaka kitu ambacho sheria imekataza, unamwendea yeye. Hana duka wala meli. Mali yake ni watu anaowajua.

Bungoma tuliwahi kuwa na watu wa aina hiyo. Masikio yao yalikuwa ya kawaida tu, na bandari yao haikuwa na bahari. Iliitwa Chepkube, soko dogo chini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda.

Stori yenyewe inaanzia mbali, Brazil. Julai 1975, jalidi iliunguza mibuni ya Paraná. Kahawa ikaadimika duniani, bei ikapanda na kupanda, hadi 1977 ratili moja ikavuka dola 3.

Ng'ambo ya mto Lwakhakha, wakulima wa Bugisu walikuwa na arabika safi kabisa. Shida ilikuwa pa kuiuza. Kisheria, kahawa ilipitia chama cha ushirika hadi bodi ya serikali. Bei ilikuwa duni, malipo yalichelewa, na shilingi ya Uganda ilikuwa inayeyuka mkononi. Tangu Idi Amin awafukuze Wahindi mwaka 1972, maduka yalikuwa yamebaki matupu. Hata ukilipwa, sabuni utaipata wapi? Chumvi je?

Upande wa Kenya kulikuwa na pesa taslimu, na sabuni pia. Basi usiku ukiingia, magunia yalianza kutembea, mengine juu ya punda, mengine vichwani mwa watu.

Hapo ndipo dalali alipohitajika. Alijua njia ipi iko salama usiku huo, askari yupi anaongeleka, mnunuzi yupi hatakuruka ukishatua mzigo. Ukidhulumiwa kwenye magendo, utashtaki wapi? Neno la dalali ndilo lilikuwa risiti. Lugha nazo zilimsaidia, kwa sababu Mbukusu na Mgisu wanaelewana bila mkalimani.

Na kuelewana huko si ajabu. Hadi mwaka 1902, Bungoma yenyewe ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza ndio waliohamisha mstari, na jamaa wa ukoo mmoja wakajikuta raia wa nchi mbili. Februari 1976 Amin alisimama akadai sehemu za magharibi ya Kenya ni zake. Wakati huo huo kahawa yake ilikuwa inatoroka kuelekea huko huko alikokuwa anakudai.

Tusiipambe sana hii stori, lakini. Mwaka 1975 Amin alikuwa ameunda mahakama ya makosa ya uchumi, na magendo yangeweza kukupeleka mbele ya kikosi cha kufyatua risasi. Aliyebeba gunia kichwani ndiye aliyebeba hatari yote. Faida nono ilimngoja mwenye lori na jina kubwa, ambaye hakuhitaji hata kulowesha viatu mtoni. Dalali alikuwa katikati: alikula kuliko mbebaji, akala kidogo kuliko bosi.

Baadaye bei ya kahawa ilishuka, na Chepkube ikarudi kuwa soko kama masoko mengine. Lakini biashara ya mpakani haijafa. Muulize mkulima wa Kitale kinachoipata bei ya gunia lake mahindi ya Uganda yakishaingia. Atakujibu kwa hasira, na hasira yake ina haki. Miaka ile, mkulima aliyebanwa alikuwa upande ule. Siku hizi yuko upande huu.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema magendo ni wizi tu, muulize kwanza: nani alichora mstari, nani aliweka bei, na nani alibeba gunia?